Kibondo Itakuwa Yangu, kwa Haki

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kasulu.

Habari njema! Kituo cha Kibondo kinafunguliwa. Mama Yusta, mkuu wetu wa kampasi, katutangazia kikaoni asubuhi, koti limefungwa hadi shingoni kwa baridi ya huku. Kituo kinahitaji mkuu. Majina yanayofikiriwa ni mawili: langu, na la Madam Faudhia wa somo la masoko.

Kwa nini mawili? Sielewi. Faudhia anawafundisha watu namna ya kuuza sabuni. Mimi nafundisha Maadili ya Biashara kwa wanafunzi wa uzamili wa usimamizi. Nani anafaa kuongoza? Hata mtoto wa chekechea angejibu.

Mama Yusta anasema ataangalia mambo mawili. Kwanza maoni ya wanafunzi, watakayoyatoa Alhamisi. Pili mihadhara ya wazi Kibondo siku ya Jumamosi, mbele ya wafanyabiashara na viongozi wa wilaya. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja dalili ya mvua, kwamba makao makuu wanafikiria kulifanya somo la Maadili kuwa la hiari.

La hiari! Nawajua wanafunzi wangu. Wana kazi, wana ndoa, wana mashamba. Likiwa la hiari nitafundisha viti.

Kwa hiyo lazima niipate Kibondo. Si kwa tamaa. Ni kwa ajili ya maadili yenyewe.

Jioni nimefundisha mgongano wa maslahi. Darasa zuri, watu wazima wote, wameomba ruhusa makazini kwao kuja kusoma hizi wiki za darasani. Matroni Verediana, muuguzi mkuu, Mha wa Buhigwe, mama asiyecheka ovyo, kauliza: mtu akimpa zawadi yule anayekwenda kumpima kazi yake, ni rushwa au ukarimu? Nikasema rushwa, bila kupepesa. Akaandika. Bwana Hilali, mwenye duka la jumla pale mjini, akauliza kama zawadi yenyewe ni chakula je? Nikasema rushwa ni rushwa hata ikitiwa pilipili. Wakacheka. Wananipenda.

Nikiwa nafuta ubao nikapata wazo. Keshokutwa, siku moja kabla ya maoni, nitawapikishia darasa zima pilau ya mbuzi. Si zawadi. Ni chakula cha mchana cha kitaaluma.

Jumatano, 5 Machi.

Pilau ilipikwa vizuri. Nianze na hilo, maana ndilo jema la leo.

Sufuria liliingia ukumbini mchana, harufu imetangulia mbele. Nikawakaribisha kwa hotuba fupi juu ya umoja. Hakuna aliyesogea. Nikadhani ni adabu. Nikamshika Bwana Hilali mkono nimwongoze kwenye sahani. Akaninong'oneza kwamba samahani, Mwalimu, tumefunga.

Ramadhani! Nilijua. Nilijua kabisa. Juzi nilimwona Faudhia hanywi chai nikafurahi, nikasema atachoka. Ila pilau na Ramadhani sikuviweka kwenye kichwa kimoja.

Sawa. Nikawageukia Wakristo. Matroni Verediana akanyanyua uso. Katikati ya paji, msalaba wa majivu. Nikamtazama wa pili. Majivu. Wa tatu. Majivu. Jumatano ya Majivu! Na mimi, Mkatoliki wa Rombo, niliyebatizwa Stanislaus, nimewaletea nyama!

Akabaki Japhet, wa benki, Mlokole, mtu mwenye mwili wake, ambaye sijapata kumwona akikataa kitu. Tumaini langu lote likamhamia. Akalitazama sufuria kwa uchungu wa kweli, akasema kanisa lao limeingia kwenye mfungo wa maombi tangu jana.

Darasa zima! Dini zote zilizoshindwa kukubaliana tangu dunia iumbwe leo zimekubaliana jambo moja, nalo ni kutokula pilau yangu.

Hapo akatokea Faudhia mlangoni. Akasema kwa upole kwamba chakula kisiharibike, kuna wagonjwa kule hospitali ya Kabanga na watu wanaowauguza, na mgonjwa hafungi. Gari lake lipo. Wanafunzi wakalibeba sufuria langu, wakajaa garini. Nilitaka kwenda nao. Nafasi haikubaki.

Jioni, kwenye kundi la WhatsApp la chuo, picha. Faudhia ameinama, anampakulia bibi mmoja. Chini yake watu wameandika Mungu akubariki Madam kwa moyo huo. Faudhia akajibu kwamba chakula ni cha Mwalimu Stanislaus. Wakamwandikia: na mnyenyekevu pia!

Nimekwenda misa ya jioni kupakwa majivu. Padri akanikumbusha kwamba mimi ni mavumbi. Nilikuwa nakumbuka.

Sijavunjika moyo. Hata kidogo.

Alhamisi, 6 Machi.

Maoni yametoka. Tumelingana! Mama Yusta kaniambia mwenyewe, kwa mshangao ambao sikuupenda. Wanafunzi wamesema masomo yangu yanawafanya wakose usingizi. Kwa maana nzuri, akasema.

Basi yote yamebaki kwa Kibondo. Na Kibondo nimeshajipanga. Faudhia atakwenda na maneno. Mimi nitakwenda na mtu. Bwana Hilali! Mfanyabiashara halisi, mwanafunzi wangu, jina safi tangu enzi za baba yake aliyekuja huku kutoka Bagamoyo. Nitamsimamisha jukwaani kama mfano ulio hai. Asubuhi nimepeleka picha yake kwa fundi wa mabango. Uso wake mkubwa, na chini maneno niliyoyatunga mwenyewe: MWADILIFU HAFICHI.

Mchana Bwana Hilali akanifuata ofisini. Nikadhani kaja kunishukuru kwa bango. Akafunga mlango, akakaa ukingoni mwa kiti.

Jambo lenyewe hili. Mwezi uliopita alinunua mahindi kwa mtu wa malori, akayasaga, akapeleka unga kwenye shule ya bweni ya wasichana kule Kibondo, kwa Sista Rosa. Juzi kafungua gunia lililobaki la mahindi yaleyale, akaona ukungu. Akampelekea bwana afya. Bwana afya kapima, kasema ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayokula maini ya watu polepole. Unga uko stoo ya shule. Wasichana wataanza kuula Jumatatu, wa zamani ukiisha.

"Nikisema, Mwalimu, Kasulu na Kibondo watajua wote," alisema. "Jina lililo juu ya lile duka si langu. Ni la marehemu baba."

Nikaliona bango. Nilishindwa kutoliona. Uso mkubwa kuliko mlango, na rangi bado mbichi.

Nikamuuliza wanaanza kuula lini. Akasema Jumatatu, ameshaniambia. Nikasema basi haraka ya nini? Jumamosi tuna mhadhara. Jumapili anakwenda polepole, anasema mizani ilikosea, anauchukua unga, analeta mwingine. Hakuna anayeumia, hakuna anayejua.

"Na wakianza mapema?"

"Hawataanza."

"Unajuaje, Mwalimu?"

Nikamwambia kiongozi ni mtu mwenye uhakika. Akasimama, akaufungua mlango. Kisha akasema, "Wewe ndiye mwalimu," akaondoka. Natamani angelisema kwa sauti nyingine.

Niweke sawa hapa. Sikumwambia asiseme. Nilimwambia asiseme bado. Tofauti ni kubwa mno. Kuna mihadhara mizima juu ya wakati mwafaka, na mingine nimeitoa mimi.

Chakula cha jioni hakikushuka. Nadhani ni samaki, migebuka ilikaangwa sana.

Ijumaa, 7 Machi.

Ratiba ya kesho ilikuwa inatafuta mtu wa kuiandaa. Nikajitolea. Mimi nimejipa asubuhi, watu wakiwa na akili mpya. Faudhia nimempa saa kumi na moja jioni, saa ambayo mtu aliyefunga anaona watu wawiliwawili.

Nikaenda kumpa habari nikiwa nimevaa uso wa masikitiko. Akafurahi! Akasema ndiyo saa aliyokuwa anaitamani. Maduka yatakuwa yamefungwa, wafanyabiashara watafika wote, na mhadhara ukiisha watafuturu pamoja palepale, Waislamu kwa Wakristo. Akanishukuru kwa kumfikiria. Akaniita kaka yangu.

Naumia sana anaponiita kaka.

Bango limekamilika. Zuri sana. Nimelitundika chumbani kulikagua. Macho ya Bwana Hilali yanakufuata popote unapokwenda. Nimeligeuza.

Jumamosi, 8 Machi. Kibondo.

Naandika chumbani kwenye nyumba ya wageni, nimejifunga taulo. Suti iko kwenye kamba. Nieleze kwa utaratibu.

Tuliondoka Kasulu kukiwa na ukungu. Nilijipangia kiti karibu na Mama Yusta ili nimweleze falsafa yangu ya uongozi. Nilikuwa nimefika mbali nayo tulipopita njia panda ya Nyarugusu. Mbele kidogo kuna mchepuko, lami haijaisha, na mvua ilikuwa imenyesha. Gari likazama. Reverien, dereva wetu, akaomba wanaume tushuke tusukume. Nikasema mmoja wetu lazima abaki na Mama Yusta. Mama Yusta akavua viatu, akashuka mwenyewe, akaweka bega. Nikashuka.

Gurudumu lililo mbele yangu lilikuwa lile linalorusha tope.

Nilifika Kibondo mwekundu kuanzia goti hadi kidevu. Reverien akaniazima koti lake la kazi. Koti safi, sina la kulaumu, isipokuwa mgongoni limeandikwa DEREVA. Mzee mmoja kutoka ofisi za wilaya akaniomba nisogeze gari kivulini. Nikamwambia mimi ndiye mtoa mhadhara. Akasema sawa, kijana, lakini lisogeze kwanza.

Ukumbi ulijaa. Wafanyabiashara wa nafaka, wa asali, wenye mashine za kusaga, viongozi, walimu, na wanafunzi wangu waliokuja na basi. Mbele kabisa, Sista Rosa, mwembamba, mwenye miwani, amekaa kama msumari. Bango nyuma yangu. Nikaanza.

Niseme ukweli: nilikuwa mzuri. Nilizungumza juu ya imani, kwamba mteja anaponunua gunia amenunua macho yako uliyolitazamia, kwa kuwa yeye hawezi kuona ndani. Watu walitikisa vichwa. Mzee wa gari aliacha kutazama saa. Nikanyoosha mkono kwenye bango, nikasema maneno ni maneno, sasa mtazameni mtu. Nikamwita Bwana Hilali.

Akapanda polepole. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Akasema jina lake, na jina la baba yake. Akasema aliuza unga wenye sumukuvu kwa shule ya Sista Rosa bila kujua, na alipojua alimpigia Sista simu Alhamisi ileile, kabla hajafika dukani kwake, na Sista akayafungia yale magunia kwa kufuli. Hakuna mtoto aliyeula. Lakini leo anasema hadharani kwa sababu mtu wa malori hakumuuzia yeye peke yake. Akataja gari la mtu huyo na wiki aliyopita. Akasema kama kuna mwingine humu aliyenunua, asiuze. Amwite bwana afya.

Kule nyuma akasimama mtu mnene wa mashine, akasema kwa sauti iliyokauka: "Mimi nilinunua." Halafu mwanamke mmoja: "Na mimi." Wakaanza kusimama, mmoja baada ya mwingine. Sista Rosa akatoa miwani, akaifuta, akairudisha.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni. Alhamisi ileile! Maana yake alitoka ofisini kwangu akapiga simu akiwa njiani. Nikahisi kitu kikinishuka mgongoni, na si tope.

Ndipo Matroni Verediana akanyoosha mkono. Akauliza kama wakati anahangaika, Bwana Hilali alipata mtu wa kumshauri.

Hilali akasita. "Nilishauriwa nisubiri," alisema. "Ipite Jumamosi kwanza."

Ukumbi ukanguruma. Nikaona hatari. Mtu mwingine angejificha. Mimi nikaamua kuongoza! Nikachukua kipaza sauti cha pili.

"Ndugu zangu!" nikasema. "Mshauri wa namna hiyo ni hatari kuliko sumukuvu yenyewe!"

Wakapiga makofi. Makofi ni kitu kibaya sana, yanakusukuma.

"Mtu kama huyo hafai kukabidhiwa hata kibanda cha karanga!"

Makofi zaidi. Mama Yusta naye anapiga. Nikaona Kibondo hiyoo, inakuja. Nikamgeukia Hilali kwa kishindo.

"Bwana Hilali, waambie wana Kibondo! Mtu kama huyo anastahili kuongoza watu?"

Hilali akanitazama kwa huruma. Naapa ilikuwa huruma.

"Siwezi kumhukumu, Mwalimu," alisema taratibu. "Ni mwalimu wangu."

Kipaza sauti changu kilikuwa bado kinavuma. Kisha Matroni Verediana akasema maneno machache kwa Kiha, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikacheka pia. Baadaye nikawauliza watu watatu maana yake. Wote wakasema hayatafsiriki.

Jioni Faudhia aliacha mhadhara aliouandaa. Akavuta viti viwe duara, akawauliza wafanyabiashara: mwenzetu huyu jina lake leo limeanguka kwa mkono wake mwenyewe, tunalinyanyuaje? Wakazungumza hadi adhana. Mtu wa mashine akasema watamtafuta yule wa malori kwa pamoja. Sista Rosa akasema yeye ataendelea kununua kwa Hilali, kwa kuwa katika wauzaji wote anaowajua ndiye pekee aliyempigia simu kumzuia asile alichomuuzia. Wakafuturu ukumbini, uji, tambi, ndizi, maharage. Sista naye akanywa uji.

Nilikaa ngazini peke yangu na koti la Reverien. Hilali akatoka, akanipa kikombe. Nikasema uji una sukari nyingi.

Jumapili, 9 Machi.

Tumerudi Kasulu. Hakuna aliyeongea nami garini ila Reverien, aliyetaka koti lake.

Jumatatu, 10 Machi.

Mama Yusta kaniita. Kibondo ni ya Faudhia. Nilitegemea. Nikaanza kusema kwamba mchango wangu kwenye tukio zima haujaeleweka. Akainua kiganja.

Akasema somo la Maadili halitakuwa la hiari. Habari za Jumamosi zimefika makao makuu, sasa wanataka lifundishwe kwa kila mwanafunzi wa chuo. Na nitalifundisha mimi. Nikauliza kwa nini, nilipaswa kunyamaza. Akasema kwa sababu Hilali na wenzake wamejifunza kwako, Mwalimu Stanislaus. Namna walivyojifunza sijui, akasema, wala sidhani kama wewe unajua. Lakini wamejifunza.

Mtihani wa darasa utahusu tukio la Kibondo. Wanafunzi wameomba wenyewe. Swali: kosa la mshauri lilikuwa nini, na alipaswa kusema nini? Nitasahihisha mimi.

Kisha Mama Yusta akaniambia niende kwa Hilali. Hakusema nikafanye nini. Alisema tu niende.

Nilimkuta nyuma ya duka. Wamechimba shimo refu, bwana afya amesimama na barakoa. Hilali na mkewe, Mama Athuman, wanafungua gunia moja moja, wanamwaga unga na mahindi, wanamwagia maji na chokaa yasije yakafukuliwa na mtu. Unga mweupe kabisa. Ukiutazama huoni kitu. Ungeweza kuupikia watoto wako.

Duka lilikuwa kimya. Mbele, mwanamke mmoja alifika mlangoni na kapu, akasoma jina lililo juu, akavuka barabara kwenda kwa jirani. Mama Athuman alimwona. Akaendelea kumwaga.

Nilitaka kusema neno. Ni neno fupi, watoto hulisema kila siku. Badala yake nikachukua koleo. Tulifukia hadi viatu vyangu vya mhadhara vikawa rangi moja na shimo. Mama Athuman akaniambia nisimame upande usio na upepo, chokaa itaniingia machoni.

Tulipomaliza, Hilali akakaa juu ya gunia tupu.

"Mwalimu," alisema, "yale unayofundisha ni ya kweli. Alhamisi, nikitoka kwako, ndiyo niliyoyafuata. Nilijiuliza tu: Mwalimu angesema nini kama angekuwa darasani?"

Nikatembea kurudi nyumbani, na njiani mama mmoja akanisalimia kwa Kiha, mwidiwe, nikasahau kuitikia. Sijawahi kusahau kuitikia. Usiku huu nimekaa nikifikiri sana juu ya maneno ya Hilali. Yamenigusa. Kuna jambo kubwa ndani yake, na sitalala mpaka nilielewe.

Jumatano, 12 Machi.

Nimelielewa!

Hilali amesema wazi kwamba alifuata mafundisho yangu. Yangu! Maana yake ni kwamba wasichana wa Sista Rosa wameokolewa na mimi. Kwa njia ndefu kidogo, lakini ni mimi. Nashangaa sikuliona hili ukumbini. Nilichanganyikiwa na tope.

Nimesahihisha mitihani. Kazi nzuri kwa jumla, ingawa wengi wana ukali usio wa lazima. Matroni Verediana ameandika kwamba kosa la mshauri halikuwa ujinga, maana alijua, bali ni kwamba kila alipotazama mtu aliona ngazi. Nimempa B. Nimeandika pembeni: lugha ya picha haifai kwenye kazi ya kitaaluma. Japhet amesema huenda mshauri alikuwa na nia njema. Japhet ana akili. Nimempa A.

Sasa habari yenyewe. Baada ya Kibondo, makao makuu wameagiza kila kampasi iwe na Kamati ya Maadili. Kamati inahitaji mwenyekiti! Kwenye ubao wa matangazo wameandika anatakiwa mtu mwenye uzoefu wa moja kwa moja na mkasa halisi wa kimaadili. Nilisoma nikiwa nimesimama palepale. Katika kampasi nzima, nani ana uzoefu kunizidi? Hilali alikuwa mwanafunzi tu. Faudhia alifika jioni. Mimi nilikuwemo tangu Alhamisi!

Nimeandika maombi. Nimeeleza kwamba nilimsaidia mfanyabiashara mmoja kutafakari wakati mwafaka wa kusema ukweli, na kwamba baadaye nilikemea hadharani, bila woga wala upendeleo, ushauri mbaya aliopewa. Yote ni kweli. Nimempelekea Hilali ujumbe anipe barua ya kunithibitisha. Ameusoma. Bado hajajibu, nadhani duka lina wateja.

Anayeteua mwenyekiti ni Mama Yusta. Nimeulizia kwa katibu muhtasi wake: anapenda asali ya Kibondo, ile nyeusi ya porini. Nimeagiza dumu, na Reverien ataliweka mlangoni kwake kesho asubuhi.

Najua atakachosema Matroni Verediana. Zawadi inayotolewa kabla ya uamuzi ni rushwa. Ni mimi niliyemfundisha. Lakini mimi uamuzi nimeshaufanya: mwenyekiti ni Stanislaus. Kwa hiyo hii ni shukrani.